Mshika Kioo Haoni Picha

Watu wengi wakinusa kafuri hukumbuka maiti. Mimi hukumbuka sinema. Na nikikumbuka sinema roho huniuma, nikajijua kuwa bado ni yule yule mtoto mwenye kijicho, aliyekaa juani na kioo mapajani huku masikio yake yako chini kwa wenzake.

Juzi tulimwosha Zeyana, binti wa ami yangu. Binti yake, Asya, alipoitia kafuri kwenye ndoo ya maji ya mwisho nikalazimika kushika ukuta. Wanawake wakasema, "Mpeni kiti, jamani, ndugu yake huyo, wamelelewa pamoja." Nikakaa. Sikuwaambia kwamba harufu ile ilikuwa imenirudisha chumbani kwa Bibi, madirisha yamefungwa mchana kweupe, na wanawake wa mtaa wamejipanga kwenye mikeka wakingoja picha ianze.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Maskati ya siku zile hamna haja ya kuelezwa mengi. Sinema haikuwapo. Umeme kwetu haukuwapo. Lango la mji likifungwa limefungwa, na ukitoka na giza lazima uwe na fanusi mkononi, ujulikane u nani. Hata redio, Baba aliisikiliza kwa sauti ya kunong'ona, si kwa sababu alikuwa na siri, bali kwa sababu mtu hajui lipi limekatazwa leo. Mimi nililetwa kutoka Unguja nikiwa mchanga wa miezi, kwa hiyo Unguja yangu ilikuwa ya kusimuliwa tu na wakubwa. Lakini nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho nyumba nyingine za mtaani hazikuwa nacho. Ilikuwa na mashine ya picha ya Bibi.

Ilikuwa sanduku la bati jeusi lenye mpini wa kuzungusha ubavuni na jicho la kioo mbele. Babu, Mungu amrehemu, alimnunulia Bibi huko Unguja wakati picha zilikuwa bado hazisemi. Taa yake ya mafuta ilivunjika melini, na Maskati hakupatikana mtu wa kuitengeneza. Bibi hakukata tamaa. Alitoboa tundu kwenye ubao wa dirisha, akaiegemeza mashine pale tunduni, kisha akampandisha mtu juu ya paa la jikoni, ng'ambo ya ua, na kioo kilichotolewa kwenye mlango wa kabati. Mtu yule alilichota jua kwa kioo chake akalirusha tunduni. Jua lilipita kwenye kioo kinene cha nyuma ya mashine, likapita kwenye mkanda, likatokea ukutani limekuwa watu.

Watu wenyewe walikuwa Wamarekani. Mkanda ulikuwa mmoja tu, ukitunzwa ndani ya kopo, na kopo likifunguliwa chumba kilinuka kafuri. Picha yote haikuzidi muda wa kunywa fanjani mbili za kahawa. Mwanamume anakimbia na mkoba. Watu wanamfukuza kwenye milima mikavu. Askari mnene anatumbukia kwenye hodhi la kunyweshea farasi. Mwisho gari la moshi linafika, anashuka bwana mmoja mrefu, anavua kofia yake, anaipunga. Basi. Katikati hutokea maandishi meupe ambayo hakuna mmoja wetu aliyeweza kuyasoma, kwa sababu sisi tulisomeshwa Kurani na herufi za Kizungu hatukuzijua.

Sasa, picha isiyosema inataka msemaji. Bibi alituambia kwamba katika ujana wake Unguja kulikuwa na siku ya wanawake watupu kwenye sinema, wanaume marufuku hata mlangoni, na mwanamke mmoja mwenye ulimi husimama kando ya pazia akawaeleza wenzake nani ni nani na anataka nini. Mwanamke huyo ndiye alikuwa yeye. Pumu ilipomzidi akanirithisha mimi kazi ile, nikiwa na miaka saba. Nilisimama kando ya ukuta, Bibi akazungusha mpini, Mama yuko juu ya paa na kioo, nami nikawaeleza wanawake kwamba yule mwenye mkoba ni bwana harusi, mkobani mna mahari, na wale wote nyuma yake ni ndugu wa bibi harusi wanaomhimiza asichelewe. Askari akitumbukia nikasema, "Huyo ndo mjomba wa bibi harusi, kala biriani hata haoni anakokwenda!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Ghaniya, jirani yetu mwenye ulimi mkali kuliko wote, alinilisha haluwa kwa mkono wake na kusema, "Mashallah, mtoto huyu kabeba ulimi wa bibi yake." Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu mkubwa katika mtaa wetu.

Kahawa ikizunguka, Bibi alitueleza wale watu walianzaje. Babu alihadithiwa na fundi wa sinema, na Bibi akahadithiwa na Babu.

"Wenzenu hawa," alisema, "walianza upande wa mashariki wa Marekani, kwenye baridi na mawingu. Taa za kutosha hawana. Basi wakajenga vyumba vya vioo, na vyumba visivyo na paa, na kimoja cheusi kikizungushwa chote kizima kama jiwe la kusagia, kulifuata jua. Maana picha bila ya jua haishiki."

Kisha ukaingia ugomvi. Wakatokea wakubwa wanaodai kwamba mashine zote za picha ni zao na hapana wa kuzitumia bila ruhusa yao. Wakawashtaki wenzao, wakawapelekea na watu wa kuwavunjia vyombo.

"Wakakimbia," Bibi alisema. "Wakabeba mashine zao wakenda magharibi kabisa, mwisho wa nchi, wakakuta ardhi kavu, milima mitupu, mvua haba, jua mwaka mzima. Wakakaa hapo wakitengeneza picha kila siku. Na majina yao hayaandikwi, ati. Watu wanazijua sura zao, majina hawayajui."

Mimi nilielewa kwa akili yangu ya kitoto. Ardhi kavu, milima mitupu, jua mwaka mzima, watu waliokimbia wakubwa. Mbona ni hapa? Milima ya kwenye mkanda ilikuwa ile ile iliyotuzunguka, yenye rangi ya sufuria iliyoungua. Nyuma ya milima yetu kulikuwa na pahala paitwapo Wattaya, nami nilikuwa sijafika. Nikaamini kabisa kwamba Wamarekani wale wanakaa Wattaya, na kwamba hawasemi kwa sababu wao pia hawajui lipi limekatazwa leo. Sikumuuliza mtu. Jambo ulijualo huliulizi.

Halafu Zeyana akaja.

Yalitokea ya Unguja, yale mapinduzi, nyinyi mnayajua, na nyumba yetu ikawa nyumba ya kulia chini chini. Ami Khalfan, mdogo wake Baba na mtoto kipenzi wa Bibi, alichukuliwa nyumbani kwake na hakuna aliyejua kapelekwa wapi. Mkewe alishafariki zamani. Alibaki binti yao, wa miaka kumi kama mimi. Majirani walimchukua pamoja na watoto wao wakahangaika naye huku na huku, Baba akaomba ruhusa mara sijui ngapi, mpaka siku moja mtoto akasimama mlangoni petu na sanduku dogo na soksi nyeupe. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamnusa, akasema, "Harufu ya Khalfan hii." Hakumwachia kwa muda mrefu.

Nilijua inanipasa kumhurumia, na nilimhurumia, wallahi, mpaka kama magharibi hivi. Wakati wa kulala Bibi akamtandikia kwenye kitanda chake, mahali pangu. Huruma ikaisha hapo.

Kila kitu chake kilizidi changu. Alikuwa ameiona sinema ya kweli, yenye viti na yenye watu wanaosema. Alikula taratibu, hata wali haukudondoka. Alikuwa na Kiingereza cha shule. Hata msiba wake ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho, na wanawake wakija walimwendea yeye kwanza, "Maskini ya Mungu, njoo nikuone," na mimi nikapitisha fanjani. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," Mama aliniambia aliponiona nimenuna. "Watamzoea." Hawakumzoea. Mimi nilikuwa na baba anayerudi kila adhuhuri na kunibusu utosini, nikamwonea wivu mtoto asiyejua baba yake yuko wapi. Sina namna ya kulipamba jambo hili.

Siku Bibi alipopata nguvu ya kuonyesha picha tena, nilivaa nguo yangu ya Idi. Nilitaka Zeyana anione. Alikaa mbele, karibu na Bibi, magoti yamegusana. Nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wakubwa, nikaanza na bwana harusi wangu na mkoba wake wa mahari. Maandishi meupe yakatokea ukutani, na Zeyana, taratibu, bila ubaya wowote, akasema, "Pameandikwa, Kamateni mwizi."

"Wapi?" Bi Ghaniya akauliza.

"Hapo juu. Huyu si bwana harusi. Huyu mwizi, kaiba mkoba wa yule mama."

Bi Ghaniya akajipiga paja. "Wallahi! Miaka mitatu tunampigia vigelegele mwizi!" Wote wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu habari za Ami Khalfan zifike, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Mtoto mwema angefurahi kumwona bibi yake anacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na kabla ya kunimeza mimi immeze Zeyana.

"Basi na asome yeye," Bibi akasema, bado anahema. "Na weye Rayya mwanangu, shika kioo. Mama yako mzito sasa, asipande ngazi tena."

Ndivyo nilivyopandishwa juu ya paa la jikoni, na huko nikakaa karibu miezi mitano.

Mshika kioo haoni picha. Anaona tundu tu kwenye ubao wa dirisha, na doa la jua ambalo asipolishika sawasawa huhama, maana jua halimngoji mtu. Mikono ilikufa ganzi, paa liliniunguza mapaja, na jasho liliniingia machoni nisiweze hata kulifuta. Kutoka chini niliyasikia yote. Niliwasikia wakiguna pale nilipokuwa nikiwagunisha mimi. Niliwasikia wakicheka mahali ambapo kwangu hawakuwahi kucheka, na hilo lilinichoma kupita jua. Zeyana alijifunza na kuzungusha mpini, akawa anazungusha na kusema, yote mawili peke yake.

Kioo chenyewe kilifungwa kwa kanga kuukuu ya Bibi. Siku moja Zeyana alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akaisoma ile kanga kwa sauti, kwa furaha ya mtu anayejua kusoma. "'Hasidi hana sababu.' Maneno mazuri, eh?"

"Mazuri," nikasema. Tangu hapo nikawa naikunja kanga maandishi yakiwa ndani.

Kulikuwa na sheria moja tu. Jua likikaa juu ya mkanda uliosimama, mkanda unaungua. Kwa hiyo aliye ndani akitaka kusimamisha picha hubisha ubao wa dirisha mara mbili, na aliye juu akapindua kioo papo hapo. Akibisha mara moja, unarudisha jua. Bibi alinionyesha mahali pamoja kwenye mkanda palipoungua zamani, duara dogo la kahawia kama chapati iliyopitiliza. "Punde tu hivyo, Rayya. Usifanye mchezo."

Wakati wangu hatukusimamisha picha ovyo. Zeyana alikuwa na mahali pake pa kusimamisha. Ilikuwa pale mwisho, gari la moshi linapofika na yule bwana mrefu anaposhuka na kuvua kofia. Angebisha mara mbili, nipindue kioo, chumba kiingie giza, aurudishe mkanda nyuma kwa mkono, abishe mara moja, na yule bwana ashuke tena. Mara tatu, mara nne. Kwangu mimi yule alikuwa ami wa bwana harusi, mtu wa kupita tu. Zeyana hakusoma maandishi hapo, kwa kuwa hapakuwa na maandishi. Alisema yake.

"Huyu baba yao," nilimsikia. "Wenziwe walikimbia wakaja huku kwenye jua. Yeye kabaki nyuma kufunga milango."

Siku ya kwanza aliposema hivyo aligeuka akauliza, "Bibi, waliobaki nyuma walikuja?"

"Wanakuja, mwanangu," Bibi akasema. "Anakuja."

Kisha ikawa desturi yao. Zeyana akisema, "Kabaki nyuma kufunga milango," Bibi huitika, "Anakuja," kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayetazama picha. Huko juu nilijua ni Ami Khalfan wanayemtazama. Walikuwa wawili wao na yeye wa tatu, na mimi sikuwa na nafasi. Sikuwa na mtu aliyepotea. Nilianza kumchukia yule bwana wa kofia kuliko nilivyomchukia Zeyana. Nikatamani apate tundu moja la kahawia usoni, dogo tu, ili akishuka garini asijulikane ni nani.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilisikia gari la moshi limefika, maana Zeyana alilitangaza. Nikalisikia neno lake la kufunga milango. Nikamsikia Bibi, "Anakuja." Kisha ubao wa dirisha ukabishwa, ngo, ngo.

Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na mbuzi aliyelia wala mtu aliyepita njiani. Sina la kusingizia. Nilisikia, nikakishika kioo pale pale.

Nilidhani nitalisikia guno la kuudhika, nipindue kioo, niseme samahani. Lakini mikanda ile ya zamani haiungui kama karatasi. Inawaka kama baruti. Tundu la dirisha liligeuka jeupe, kisha la manjano, na kelele zikatoka ndani kabla moshi haujatoka. Kioo kilinitoka mikononi kikavunjika uani. Nilipofika chini wanawake walikuwa wanamiminika nje wakikohoa, na Mama, na tumbo lake kubwa, anakokota mtungi wa maji. Ua wote ulinuka kafuri.

Zeyana ndiye aliyetoka mwisho, akivutwa na Bibi kwa nguvu. Hakuwa amekimbia moto. Alikuwa ametia mkono ndani ya mashine kuutoa mkanda. Kiganja chake cha kulia kilikuwa chekundu na cheusi, na vidole vimebana kitu ambacho hakikuwa kitu tena.

"Rayya!" Mama akapiga kelele. "Ulikuwa wapi na kioo? Hukusikia? Huyu hakubisha?"

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo, na hata leo sijui kingetoka nini.

"Sikubisha," Zeyana akasema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Nilisahau kubisha. Kosa langu mie."

Akanitazama mara moja, kisha akatazama mkono wake.

"Mtoto mkweli huyo," Bi Ghaniya akasema, na machozi yakimtoka. "Mkono unaungua na bado anasema kweli. Wangapi wangefanya hivyo?" Bibi akamkumbatia kifuani. "Khalas, habibti, khalas. Mkanda tu ule. Mkanda tu."

Na mimi, hili sijapata kulisema popote, jambo la kwanza nililohisi halikuwa aibu. Lilikuwa wivu. Kosa nimefanya mimi, sifa kapewa yeye. Hata dhambi yangu ikamfaa.

Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja kupitia kwa Bibi. Hakunilaumu. Alifagia majivu mwenyewe, akaifuta ile mashine nyeusi, akaiweka chini ya kitanda. Usiku na mchana Zeyana aliukamata mkono uliopakwa asali na kufungwa kitambaa, akangoja Bibi aseme neno lao. Bibi hakulisema tena. Wiki mbili tatu zikapita, na siku moja wakati wa chakula alimtaja Ami Khalfan, na badala ya "Anakuja" akasema, "Mungu amrehemu." Baba aliacha kula. Zeyana aliinuka akaenda kunawa mkono wa kushoto, ingawa alikuwa hajala kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nimemtoboa nani usoni.

Baada ya hapo Baba alitupakia sisi wawili kwenye Landrova ya rafiki yake, tukapunge hewa, akatupeleka Wattaya. Tulipovuka milima niliangalia kila upande. Kulikuwa na kisima, mitende, punda wawili na mzee analala kivulini. Nikamuuliza Zeyana kwa kunong'ona, "Wako wapi?"

"Nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba wale Wamarekani walikuwa wanakaa huku, kwamba huku ndiko kwenye jua walikokimbilia. Niliona anavyoelewa, na nikangoja acheke. Alikuwa na haki ya kucheka. Aliiangalia milima kwa muda, mkono wake uliofungwa umelala mapajani.

"Washahama," akasema. "Wale hawakai pahala pamoja."

Kwa miaka nilidhani alinifichia siri yangu kwa wema, na wema wake nao nikauonea wivu. Ilinibidi niwe mtu mzima, na wageni wangu mwenyewe walale nyumbani kwangu, ndipo nikafikiri jambo jingine. Mtoto mgeni hamshtaki mtoto wa mwenye nyumba. Wangesema nini kama angesema, "Nilibisha"? Lingekuwa neno lake na langu, na yeye hakuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Huenda haukuwa wema. Huenda ilikuwa hofu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekwisha kuona milango ikifungwa. Sikujua lipi kati ya haya ni kweli, na sikuuliza.

Nchi ilipofunguka na makatazo kuondolewa, Zeyana alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata kazi serikalini, kwa kile kile Kiingereza chake. Nikaona wivu. Akaolewa kabla yangu, nikaona wivu. Tulikuwa tukipikiana, tukifungua Ramadhani pamoja, tukizikiana wazee, Bibi akiwa wa kwanza. Watu walitufananisha na pete na kidole. Siku moja, tushakuwa watu wazima na miwani, tuko Mawaleh sokoni tumeinamia fungu la bamia, nikajikaza. "Zeyana," nikasema, "ile siku ya mkanda, mie pale juu..."

Hakuinua uso. "Chagua bamia, Rayya," akasema. "Changa. Hizo ulizoshika zishakomaa."

Nikachagua bamia.

Basi juzi nilikaa kwenye kile kiti walichonipa mpaka kichwa kikatulia, kisha nikainuka, maana maji ya mwisho nilikuwa nimeomba niyamimine mimi. Mwosha husitiri alichokiona. Ndivyo tulivyofundishwa, kovu la maiti na aibu yake havitoki nje ya chumba kile. Asya alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mama yake na kuukunjua, na kiganja kikaonekana, ngozi yake laini na iliyovutana, bila mistari.

"Mamdogo," akaniambia, "Mama kila tukimuuliza alisema aliungua utotoni kwa sababu alisahau kubisha. Akicheka tu. Alisahau kubisha nini?"

Kata ilikuwa mkononi mwangu.

"Hakusahau," nikasema. "Alibisha mara mbili. Mie nilimsikia."

Asya aliniangalia, akangoja niendelee. Nikateka maji ya kafuri, nikaanza na mkono wa kulia.